Rimoti ya kompyuta inayotumika kama tivi: anza na kipokezi

Swali: Fundi, salamu. Nipo Tudor, Mombasa. Kompyuta yangu ya zamani ya mezani nimeiunganisha na tivi ya Samsung ya sebuleni kwa kebo ya HDMI. Ina Windows 10 na Kodi, ile programu ya kuangalia filamu, na filamu zetu zote zimo humo. Mpira na YouTube tunaangalia kwenye kivinjari. Mimi natumia kibodi na kipanya visivyo na waya, lakini mama na watoto vinawashinda, kila nikiwa kazini napigiwa simu. Nataka rimoti moja ambayo kila mtu ataiweza, na iwashe kompyuta pia. Dukani nimeonyeshwa eya mausi (rimoti inayosogeza mshale wa skrini kwa kufuata mkono) na za Bluetooth, na rafiki ananiambia nitumie simu tu. Ninunue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, nunua kipokezi kwanza, yaani kifaa kinachopokea amri za rimoti na kuziingiza kwenye kompyuta, rimoti baadaye. Watu wengi hufanya kinyume. Mtu anaingia dukani, anapenda rimoti yenye vitufe vinavyowaka, analipa, kisha akifika nyumbani anakuta kompyuta haina habari nayo. Tivi yako imetoka kiwandani na jicho la infraredi mbele yake, la kupokea mwanga usioonekana unaotoka kwenye rimoti. Kompyuta ya mezani haina jicho hilo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rimoti ipi, uliza amri itaingia kwenye kompyuta kwa njia gani, na ikishaingia, kompyuta itaichukulia kuwa ni nini.

Kwa nyumba kama yako ningeweka kipokezi cha infraredi cha USB, kile kinachojifanya kibodi, pamoja na rimoti ya kawaida ya vitufe kwa ajili ya mama na watoto. Halafu kibodi ndogo ya redio, ya ukubwa wa kiganja, ikae droo ya kabati kwa siku za mpira. Ni vitu viwili, nawe umeomba kimoja. Nakupinga kwa sababu hii: Kodi na kivinjari havikutengenezewa mtu mmoja. Kodi ilianza kwa jina la XBMC kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikapata jina la sasa mwaka 2014, na tangu mwanzo ililengwa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi. Kila kona yake hufikiwa kwa mishale minne, kitufe cha kuchagua na kitufe cha kurudi. Kivinjari ni cha mtu aliyekaa mezani na kipanya mkononi. Rimoti inayojaribu kuwatumikia wote wawili huishia kuwa na vitufe mbele na kibodi mgongoni. Mama anaigeuza ili aongeze sauti, kidole kinagusa asichokijua, filamu inatoweka, na hapo ndipo simu yako inapolia.

Kipokezi kinachojulikana zaidi cha aina ninayosema kinaitwa Flirc. Ni kijiti cha USB kidogo kuliko kidole gumba. Unaweka programu yake kwenye kompyuta, picha ya kibodi inatokea kwenye skrini, unabofya herufi unayotaka, kisha unaelekeza rimoti na kubonyeza kitufe utakachokipa kazi hiyo. Basi, kimejifunza. Kuanzia hapo, kitufe kile kikibonyezwa kompyuta inaamini kuna mtu amegusa kibodi. Mafunzo hayo hukaa ndani ya kijiti chenyewe, hayakai kwenye Windows, kwa hiyo hata ukipangusa kompyuta yote na kuanza upya, au ukahamia mfumo mwingine kama Linux kesho, rimoti inaendelea kufanya kazi bila kufundishwa tena. Hilo peke yake linatosha kunifanya nikipende. Vifaa vinavyotegemea programu ya kando ndivyo vinavyokufa Windows ikijisasisha usiku.

Ndani ya Kodi hutahitaji herufi nyingi. Mishale na Enter unazijua. Backspace ni kurudi nyuma. Kitufe kirefu cha nafasi husimamisha filamu na kuiendeleza, X huikatisha kabisa, T huwasha na kuzima maandishi ya tafsiri chini ya picha, I huleta maelezo ya filamu, na C hufungua menyu ya ziada ya kitu ulichokichagua. Kwa rimoti ya mama, fundisha mishale, kuchagua, kurudi na kusimamisha, halafu uache hapo. Kitufe ambacho hakikufundishwa hakifanyi lolote, na huo ni ulinzi: watoto wabonyeze wapendavyo, kitu hakiharibiki. X ningekiacha nje kwa makusudi, kwa sababu anayetaka kutoka kwenye filamu anaweza kuisimamisha, kisha arudi nyuma taratibu. Na ukiona bonyezo moja linaruka hatua mbili, usidhani rimoti ni mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya kipokezi urefushe muda wa kurudia kitufe.

Sasa rimoti yenyewe. Chukua ya chapa isiyokuwapo nyumbani kwako. Ukimfundisha Flirc kwa rimoti ya Samsung, kila mshale utakaobonyeza utasikika na kompyuta na pia na tivi, na menyu ya tivi itajifungua katikati ya filamu. Flirc hajali chapa, hujifunza karibu kila rimoti ya infraredi. Kama una rimoti ya kisanduku cha king'amuzi kilichokufa, zile tulizozipata kwa wingi Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, jaribu hiyo kabla ya kutoa pesa. Nyingi zina jambo moja zuri sana kwako: kwenye kona, mara nyingi ndani ya kisanduku kilichochorwa, kuna vitufe vichache vya tivi vinavyoweza kujifunza. Unashikilia kitufe cha kuweka mpaka taa iwake, unaziweka rimoti mbili uso kwa uso, unabonyeza sauti kwenye ya Samsung, na ya kisanduku inainakili. Fanya hivyo kwa kuwasha tivi, kuongeza sauti na kupunguza. Kisha weka sauti ya Windows juu kabisa na usiiguse tena, mama abadilishe sauti ya tivi tu. Nyumba nyingi zinateseka kwa kuwa na sauti mbili, ya kompyuta na ya tivi, moja iko chini nyingine juu, na hakuna anayejua ipi imeinyamazisha filamu.

Unapochagua, ishike rimoti ukiwa umefumba macho. Kidole gumba kikikosa kupata mishale na kitufe cha katikati bila kutazama, iache hapo hapo. Zile nyembamba zenye vitufe bapa vinavyolingana ni nzuri kwenye picha, lakini filamu huangaliwa taa zikiwa zimezimwa.

Infraredi ina masharti yake, na hapa Mombasa sharti kubwa ni jua. Taa ya rimoti huwaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde, baadhi ya chapa 36,000 na Sony 40,000, na kipokezi husikiliza mdundo huo ili kisichanganywe na mwanga mwingine. Lakini jua lina infraredi nyingi kiasi kwamba likikipiga kipokezi moja kwa moja hukilevya, mdundo hausikiki tena. Niliwahi kuitwa nyumba moja Kibokoni ambako rimoti ilifanya kazi vizuri asubuhi na kugoma kila alasiri. Walikuwa wameshabadilisha betri na walikuwa tayari kununua rimoti nyingine. Dirisha la magharibi lilikuwa likimwaga jua juu ya kabati kuanzia baada ya adhuhuri, na kipokezi kilikuwa kimebandikwa juu kabisa ya tivi. Tulikishusha chini ya ukingo wa tivi, kwenye kivuli chake, kikafanya kazi mchana kutwa. Wewe pia usikichomeke nyuma ya kompyuta kwenye giza la kabati. Nunua kebo ya USB ya kurefushia, ya mita moja au mbili, ukitoe mbele mahali panapoonekana kutoka kwenye kochi lakini jua halifiki.

Kuwasha kompyuta ndiko kunakowatoa watu jasho, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Usiizime, ilaze. Ikiwa imelala, kumbukumbu yake hubaki na umeme kidogo, na bandari za USB zinaweza kubaki na volti 5 za kusubiri. Kipokezi kinaendelea kusikiliza, mama anabonyeza kitufe, na sekunde chache baadaye Kodi iko pale pale alipoiacha. Kuiamsha kutoka kuzimwa kabisa kunategemea ubao mkuu wa kompyuta, na nyingi za zamani hazikubali.

Ili iamke, mambo mawili lazima yakubaliane. Kwenye Windows, fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta kibodi, utaona imeongezeka moja ambayo ndiyo kipokezi. Fungua sehemu yake ya Power Management, weka alama kwenye ruhusa ya kuiamsha kompyuta. Papo hapo iondoe ruhusa hiyo kwa kipanya, la sivyo paka akipita mezani usiku kompyuta itaamka. Jambo la pili liko kwenye baiosi, ile skrini ya mipangilio inayopatikana kabla Windows haijaanza. Tafuta neno ErP. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kubana umeme wa vifaa vilivyozimwa, ambayo tangu 2013 kwa vifaa vingi vya nyumbani inataka visizidi nusu wati. Ubao unaotii kanuni hiyo unaweza kukata umeme wa USB, na kipokezi kilichokatiwa umeme hakiwezi kumwamsha mtu. Zima ErP. Ukiona karibu yake mpangilio wa kuruhusu USB iamshe mashine, uwashe.

Halafu kuna stima. Ikikatika, kompyuta iliyolala inasahau usingizi wake, na stima ikirudi inabaki imekufa mpaka mtu abonyeze kitufe chake cha mbele. Hapo kwenye baiosi kuna mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi. Wengi huuweka ijiwashe yenyewe, nami nakubali, ila kwa sharti moja: kompyuta na tivi ziwe nyuma ya kile kifaa cha kulinda umeme kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuachilia. Stima inaporudi mtaani, volti hupanda na kushuka kwa muda, na huo si wakati wa kuwasha mashine ya zamani. Kodi nayo ina mpangilio wa kuilaza kompyuta yenyewe isipotumika kwa muda utakaoutaja, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mama namna ya kuzima.

Eya mausi sikukatazi kwa sababu ni mbaya. Inatumia redio ya gigahezi 2.4, haihitaji kuelekezwa popote, mshale wa skrini unafuata mkono, na kwa kivinjari ni raha. Tatizo ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa visanduku vya Android. Kitufe cha kurudi na cha nyumbani mara nyingi hutuma amri ambazo Windows inazitafsiri vingine au inazipuuza, na huwezi kuzibadilisha. Kitufe chake chekundu cha kuwasha, katika nyingi, hakihusiani na kompyuta kabisa: ni infraredi ya kunakili rimoti ya tivi. Muuzaji atakionyesha kinawasha tivi ya dukani na utaondoka ukiamini kitawasha kompyuta. Na mkono wa mtu mzima ukitetemeka kidogo, mshale wa skrini unatetemeka zaidi. Kwa mama, hapana.

Kwa kivinjari chako, ile kibodi ndogo yenye kipande cha kuchezea kidole inatosha, au hata kibodi uliyonayo sasa. Kwenye YouTube K husimamisha, J hurudisha sekunde 10 na L hupeleka mbele 10, na F hujaza skrini. Ukizijua hizo nne hutahitaji kipanya mara nyingi. Kipokezi chake usikichomeke kwenye bandari ya USB 3, zile ambazo mara nyingi ni za rangi ya buluu, hasa kama kuna diski ya nje jirani yake. USB 3 inapofanya kazi hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo ya gigahezi 2.4. Intel waliliandika jambo hilo mwaka 2012, na bado naona watu wakilaumu betri. Tumia bandari ya zamani, au kirefushe kwa kebo kikae mbali.

Bluetooth nitaipita haraka. Rimoti hulala ili kutunza betri, na bonyezo la kwanza huishia kuiamsha tu, kwa hiyo mama atabonyeza tena na tena. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kijiti cha Bluetooth, kuiamsha mashine kutoka usingizini ni bahati nasibu. Ingekuwa kompyuta yako imefichwa chumba kingine ningefikiria vingine, ingawa kuta nene za mawe ya matumbawe kama zile za Mji wa Kale hunyonya redio pia.

Utasikia pia kwamba rimoti ya tivi yenyewe inaweza kuiendesha Kodi kupitia waya ule ule wa HDMI. Ni kweli, njia hiyo inaitwa CEC, na Samsung huiita Anynet+. Ungekuwa na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, badala ya kompyuta ya mezani, jibu langu lote lingekuwa mstari mmoja: washa Anynet+ kwenye menyu ya tivi, rimoti unayo tayari. Lakini kadi za picha za kompyuta kwa kawaida hazijaunganishwa na njia hiyo. Kuna kifaa cha Pulse-Eight kinachokaa katikati ya waya na kuiongeza. Kinafanya kazi vizuri, ila ni cha kuagiza, na bei yake haina maana ukilinganisha na suluhisho nililokupa.

Simu iweke, lakini kama msaidizi. Programu ya Kore, ya watengenezaji wa Kodi wenyewe, ni ya bure, na inafaa hasa pale unapotafuta filamu kwa jina, maana kuandika kwa mishale herufi moja moja kunachosha. Kwenye Kodi ruhusu udhibiti kupitia HTTP, yaani kupitia mtandao wa nyumbani, namba ya mlango wake ya kawaida ni 8080, na weka nenosiri, maana watoto wa jirani wenye Wi-Fi yako nao wataipata. Haiwezi kuwa rimoti ya nyumba, kwa sababu simu hutoka na mwenyewe asubuhi.

Ukikuta Logitech Harmony ya mtumba, usivutiwe na jina. Zilikuwa rimoti bora za aina yake, lakini Logitech walitangaza mwaka 2021 kwamba hawazitengenezi tena, na kuzipanga kunahitaji akaunti na mitambo yao ya mtandaoni. Sitaki mama yako ategemee mitambo ya kampuni iliyoshaondoka kwenye biashara hiyo.

Kabla ya kulipia rimoti yoyote ya infraredi, fungua kamera ya mbele ya simu yako, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi, ubonyeze kila kitufe. Utaona taa ya zambarau ikimetameta kwenye skrini, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kamera za nyuma nyingi zina kichujio kinachouzuia, kwa hiyo tumia ya mbele. Kitufe kisichomulika ni kibovu.

Kisha fungua mlango wa betri na uangalie waya za mguso. Hewa yetu ya chumvi inazila mapema, na rimoti za mitumba mara nyingi zina ukungu wa kijani au unga mweupe pale. Unga mweupe wa betri ya alkali iliyovuja unaweza kuutoa kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya ndimu, kwa sababu kinachovuja ni kali ya upande wa magadi na tindikali ya ndimu huipooza. Futa baadaye kwa pamba yenye spiriti, uache ikauke kabisa kabla ya kuweka betri. Kama waya umeshaliwa mpaka umekatika, chukua rimoti nyingine. Na nyumba ikifungwa kwa muda, kama mnasafiri, toa betri.

Usipompata Flirc kwa wauzaji wa kompyuta hapa mjini, ulizia kipokezi cha zamani cha Media Center cha Microsoft, kilichokuja na rimoti yenye kitufe cha kijani katikati. Windows inakitambua bila kuweka chochote, na rimoti yake ina mishale mizuri ya kushika. Kasoro yake ni kwamba hukifundishi kwa urahisi kama Flirc, na kitufe cha kijani chenyewe kilikusudiwa kufungua Windows Media Center, ambayo Windows 10 haina.

Ukikwama kwenye baiosi, nitumie jina na namba ya ubao mkuu zilizochapishwa juu yake, nitakuonyesha ErP imejificha ukurasa gani.